Nafasi Iliyobaki Wazi Kwenye Daftari

Likasi, Jumapili, saa tisa mchana

Ngalula mwanangu,

Umekwenda Kikula kumuaga shangazi yako, na mama yako yuko uani anapiga pasi magauni yako ya kazi. Nimekaa kwenye meza hii uliyofanyia masomo yako yote. Mimi niliishia darasa la nne kwa mapadri kule kwetu Kasai, kwa hiyo makosa utakayoyaona humu usiyasahihishe. Soma tu mpaka mwisho, kisha uniseme unavyotaka.

Mambo ya safari sitayagusa. Chumvi, chandarua, kuchemsha maji, kutokopesha watu usiowajua, hayo yote mama yako ameshakuambia mara tatu na kesho kituoni atakuambia mara ya nne. Mimi nina jambo moja tu.

Jumapili iliyopita tulipokuwa tunakula uliniuliza huku unacheka: "Baba, programu inasema nifundishe uraia kila juma. Nitabaambia batoto nini? Raia muzuri njo nani?" Mama yako akaacha kumega ugali akaniangalia. Mimi nikasema gurudumu la baiskeli limekosa upepo, nikatoka. Baiskeli haikuwa na shida yoyote. Nilisimama nyuma ya nyumba nikiwa nimeshika pampu mkononi, mpaka niliposikia mnaosha sahani.

Barua hii ni jibu nililopaswa kukupa pale mezani. Naiandika kwa sababu kuta za nyumba hizi za kambi ya kampuni ni nyembamba, na kwa sababu siwezi kusema maneno haya huku nikiuangalia uso wako.

Huko Kapolowe unakokwenda kufundisha anaishi Baba Mwape. Unamkumbuka. Nyumba yetu na yake zilishikana ukuta mmoja, na Mwape binti yake mlilala kitanda kimoja wakati mama zenu walipokwenda kulima. Shangazi yako amemwona sokoni Kikula, amekuja kuuza samaki wakavu. Anakaa nyuma ya misheni, na watoto wa mwanawe mkubwa wanasoma shule hiyohiyo uliyopewa. Wewe unajua kwamba alifukuzwa kazini kwa sababu aligombana na wakubwa. Ndivyo nilivyokuambia ulipokuwa na miaka minane, ulipolia siku mbili kwa sababu Mwape ameondoka. Haikuwa hivyo. Baba Mwape aliondoka kambini kwa sababu yangu. Ungefika kule ukamkimbilia ukimwita baba, na yeye angekuangalia bila kujua kama unajua. Sitaki hilo likupate. Afadhali lijulikane kwanza kutoka kwangu.

Nianze na hofu yangu, maana bila hiyo hutaelewa. Sisemi ili unionee huruma.

Nilikuja huku nikiwa kijana, siku tatu kwenye treni, na sanduku la mbao. Kampuni ikanipa kazi kwenye mashine ya kuponda mawe, na ndiko niliko mpaka leo. Koleo, mkanda, vumbi, king'ora. Watu wa hapa walinipokea vizuri, lakini kila palipotokea ugomvi, hata wa kuku, palikuwa na mtu wa kuniambia: "Weye rudia kwenu." Wengine walisema kwa kucheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshasikia kwa wazee jinsi watu wa kwetu walivyoweza kuamka siku moja wakaambiwa wapande mabehewa warudishwe Kasai. Basi nikajiambia kwamba mimi nitakuwa mtu ambaye hakuna karatasi itakayomshika. Karte ya chama, kadi ile ya uanachama, niliitembeza mfukoni hata nikienda chooni. Asubuhi tulipoimba na kucheza mbele ya bendera kabla ya kazi, nilicheza kuliko vijana, na magoti haya unayajua yalivyo. Siku ya kura walitupa karte mbili, ya kijani ya kusema ndiyo na nyekundu ya kusema hapana. Mama yako aliporudi nyumbani akasema, "Mambo gani ya kuchagua, na sanduku ya nyekundu iko chini ya kiti ya polisi?" Nilimfunika mdomo kwa mkono wangu. Mke wangu, ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Wakati ule ndipo tulipoambiwa tuache kuitana bwana, tuitane sitwayen, yaani raia. Neno hilo lilikuwa kwenye kila kinywa. Mpiga ngoma alikuwa sitwayen, daktari sitwayen, hata mwizi aliyekamatwa akiwa na kuku wa watu nilimsikia polisi anamwita sitwayen kabla ya kumpiga kofi. Mimi nililipenda neno lile. Nilidhani kama kila mtu ananiita raia, basi hakuna tena wa kuniita mgeni.

Halafu ikaja salongo. Wewe umekua nayo, unaiona kama mvua, lakini kuna siku ilianza. Kila Jumamosi mchana watu wote watoke wafanye kazi ya wote bila malipo. Nikuambie kweli, nilipoisikia mara ya kwanza niliona ni jambo zuri. Kule kwetu kijijini tulitengeneza njia ya kwenda mtoni hivyohivyo, na hakuna aliyelipwa. Ila huku kazi ilichaguliwa na mtu aliye mbali, na watu walihesabiwa. Shefu wa kambi, mkuu wetu, alitafuta mtu wa kila mstari wa nyumba anayejua kuandika, ili ashike daftari. Kwenye mstari wetu ni mimi. Daftari lilikuwa na mistari mitatu ya kusimama. Ya kwanza jina. Ya pili alikuwapo au hakuwapo. Ya tatu juu yake waliandika "sababu".

Nilinunua kalamu mpya. Nilijisikia mkubwa.

Ulikuwa mwezi wa mvua nyingi, na mfereji wa nyuma ya nyumba zetu uliziba. Maji machafu yaliingia uani, yakazunguka bomba la maji ambapo mama zenu walichota. Watoto wakaanza kuharisha. Wewe ulikuwa mmoja wao. Siku nne hukushika kitu tumboni, ulikuwa mwepesi kama nguo iliyokauka kwenye kamba. Nilipeleka habari ofisini, wakasema wamesikia. Na Jumamosi ile salongo ikapangwa: tupake chokaa mawe ya kando ya barabara kubwa, kwa kuwa mkubwa fulani angepita wiki inayofuata.

Asubuhi Baba Mwape akaja mlangoni na koleo begani. Unajua alivyokuwa, hawezi kusalimia bila kuchokoza.

"Mukubwa wa daftari, umelala muzuri?"

"Muzuri. Saa saba tuko ku barabara, Baba Mwape. Chokaa."

"Mawe iko mugonjwa?"

"Mawe gani?"

"Ile munaenda kupaka dawa."

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Kisha yeye akaacha kucheka.

"Baba Ngalula, sikia. Mutoto yako iko na tumbo, wa kwangu vilevile. Mayi ya mufereji inaingia mupaka ku bomba. Minye leo siendi ku barabara, naenda kuzibula. Salongo njo kazi ya bote, hapana? Hii njo kazi ya bote. Andika: Baba Mwape eko mu matope."

"Uliza shefu kwanza."

"Shefu anakaa kule juu, mayi haifike kwake. Andika tu."

"Nitaona," nikasema.

Nitaona. Ngalula, mtu akikuambia "nitaona" wakati jambo limeshaonekana, jua kwamba ameshakuacha.

Saa saba tulijipanga barabarani. Niliita majina. Nilipofika kwa Baba Mwape hakuna aliyeitika, na mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ndogo, "Eko anachimba." Wote walisikia. Shefu wa kambi alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu, mikono nyuma. Nikaandika: hakuwapo. Nikafika kwenye nafasi ya sababu. Nafasi yenyewe ilikuwa pana kama vidole viwili. Maneno matatu yangeingia na mengine yangebaki nje kidogo. Niliinua kalamu. Nikafikiri, nikiandika kwamba anazibua mfereji nitaonekana nimemruhusu. Wataniuliza wewe ni nani wa kubadilisha salongo. Wataniuliza kwenu ni wapi. Nikafunga daftari.

Kesho yake, Jumapili, mvua kubwa ilinyesha tulipokuwa misani. Tuliporudi tulikuta maji yanapita kwenye mfereji kwa kelele, yanakwenda zake bondeni. Uani kwetu hapakuwa na maji yaliyotuama, kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze. Mama yako alikupa uji, ukabaki tumboni. Nilisimama mlangoni nikafurahi, halafu nikakumbuka daftari, nikasema moyoni labda hawatalisoma.

Walilisoma. Jumatatu niliitwa ofisini. Pembeni ya shefu alikaa mtu nisiyemjua, amevaa abakosi safi, ile suti isiyo na tai. Ndiye aliyeuliza.

"Sitwayen Kabeya, huyu hakuwapo?"

"Hakuwapo."

"Alikuwa mugonjwa?"

"Hapana."

"Alijua kama kuna salongo?"

"Alijua."

"Alisema nini?"

Nikasema: "Alisema haendi ku barabara."

Aliandika "alikataa". Nilimwona akiliandika neno lile, najua kusoma hata karatasi ikiwa kichwa chini. Angalia maneno niliyosema, mwanangu. Kila moja ni la kweli. Ungenipeleka mbele ya padri ningeapa kwa kila moja. Nilisema kweli tupu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na nilimwuza jirani yangu. Mpaka siku ile nilidhani uongo ni lazima usemwe.

Jioni hiyohiyo vijana wa chama walikuja kumchukua kwa sababu amekataa salongo, na aliyekataa salongo, walisema, amekataa nchi. Alikaa kwao siku kumi na moja. Mimi nilikwenda kazini kila siku. Mama yako alipika kila siku chungu cha pili na kukipeleka kwa Mama Mwape, na siku ya kwanza nilimzuia mlangoni. "Unaenda wapi na chakula? Batu banaangalia." Akanijibu kwa sauti ya kusikika nyumba tano: "Naenda kwa sitwayen mwenzangu. Ao karte yako inakataza?" Akapita. Mama yako hajui kusoma, Ngalula. Hakuwahi kushika daftari. Ukitafuta raia katika nyumba hii, sasa hivi yuko uani anapuliza makaa ya pasi.

Baba Mwape alirudi amekonda, na sikio la kushoto halisikii. Juma lililofuata kampuni ikamwachisha kazi, na asiye na kazi hana nyumba ya kambi. Walipakia vitu vyao kwenye lori mchana, watu wakiwa kazini. Mimi zamu yangu ilikuwa imekwisha. Wewe ulikuwa kwa shangazi yako. Mimi ndiye niliyekupeleka, ili usione. Nilikaa ndani nikitumaini lori litaondoka. Akabisha hodi.

Hakupiga kelele. Aligeuza kichwa kunielekezea sikio zima, akauliza:

"Baba Ngalula, ile daftari. Iko na nafasi ya kuandika sababu?"

Ningeweza kusema haina. Angekubali, nadhani alitaka kukubali.

"Iko," nikasema.

"Kubwa?"

"Kubwa kidogo."

Akatikisa kichwa. "Njo vile, basi," akasema, akapanda lori. Tangu siku ile sijamwona.

Mwishoni mwa mwezi shefu wa kambi alinisifu mbele ya watu na kunipa kitambaa kipya cha chama, kile chenye picha, nimshonee mama yako nguo ya sikukuu. Nilikileta nyumbani. Mama yako alikikunjua, akakikunja tena, akakirudisha mezani. "Minye sitavaa jirani yangu," akasema. Hakulisema tena jambo hilo mpaka leo, wala hakunihukumu kwa neno lingine. Ingekuwa rahisi kwangu kama angenitukana.

Baadaye niliomba kuachishwa daftari. Ungependa kusikia kwamba nilikwenda nikasema, sitaki tena kazi hii, ni mbaya. Sikusema hivyo. Nilisema macho yananiuma kwa vumbi na sioni mistari vizuri. Hata kuacha ubaya nimeuacha kwa uongo. Wakampa mwingine. Na miaka ikapita, na wewe ukaendelea na shule, na watu wakaniheshimu kama mzee mtulivu asiyependa maneno. Utulivu wangu ulikuwa ni kwamba kila nikifungua mdomo nilimwona mtu yule wa abakosi anaandika.

Kuna siku moja tu nataka uijue, na uiweke mahali pake padogo. Ni mwaka juzi. Kwenye mashine ya kuponda mawe vumbi lilizidi, na vitambaa vya kufunika pua na mdomo, ambavyo ni haki yetu na vimeandikwa kwenye kanuni za kazi ukutani, havikuja miezi mingi. Vijana wawili walianza kukohoa damu. Injinia akaja kukagua, akatuuliza kama anavyouliza siku zote kama kila kitu kinakwenda sawa. Wote tuliitika ndiyo. Nikasikia sauti inasema: "Hapana, haiko sawa. Vitambaa vya vumbi havijakuja. Imeandikwa pale ukutani." Ilikuwa sauti yangu. Nikashika nguzo. Injinia akauliza jina langu, nikampa lote. Aliliandika. Mwezi mzima nilingoja kuitwa, sikuitwa. Vitambaa vikaja, vichache, tukavaa kwa zamu.

Mulunda, yule rafiki yangu wa zamani tunayefanya naye kazi kwenye mkanda, aliniambia siku ile tukinawa mikono: "Kabeya, weye njo ulikuwa unaandika batu. Leo unaandika vumbi?" Wenzetu wakacheka. Nami nikacheka, lakini nilijua kwamba miaka yote ile walikuwa wanakumbuka. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa hujui, kwa sababu walikuonea huruma.

Sasa swali lako. Nitabaambia batoto nini.

Sina jibu la kuandika ubaoni. Programu utaifundisha, na nyimbo utaziimba, siwezi kukuambia ukatae. Sitaki ufungwe kwa maneno ya baba yako, ambaye mwenyewe alipotakiwa kuandika maneno matatu alifunga daftari. Lakini usiwaambie watoto kwamba raia mwema ni yule asiye na kosa kwenye karatasi. Mimi nilikuwa huyo. Karte yangu ilikuwa safi, jina langu halikukosekana Jumamosi hata moja. Nilipaka mawe chokaa vizuri sana.

Nilidhani pia kwamba haki ni kitu ambacho mkubwa humpa mdogo, kama posho ya unga, na kama hajatoa, hakuna. Lakini haki ya Baba Mwape siku ile haikuwa kwa mkubwa yeyote. Ilikuwa kwangu. Ilikuwa kwenye kalamu yangu, mimi mponda mawe wa darasa la nne. Nimefikiri jambo hilo miaka kumi na mbili nikiwa nimeshika koleo, na kila mara linakuja hivyohivyo. Sijui wasomi wanasemaje.

Na wajibu. Nilikuwa nautafuta kule walikoita majina, na ulikuwa nyuma ya nyumba yangu, unanuka. Baba Mwape hakukataa kazi ya wote. Yeye ndiye pekee aliyeifanya siku ile.

Wewe pia utashika daftari, la darasa, na kila asubuhi utaita majina. Mtoto asipoitika, uliza yuko wapi. Tuma mtu, au nenda mwenyewe baada ya masomo. Huenda amekwenda kuiba maembe, ataadhibiwa. Huenda anamwogesha bibi yake. Andika alichokuwa anafanya, hata kama mkaguzi hataki kusoma maneno mengi. Na akikuuliza mtu mkubwa "alisema nini?", mwambie yote aliyosema, pamoja na sababu, pamoja na mzaha. Ukiona huwezi kusema yote kwa kuogopa, basi ogopa, lakini usikate maneno ya mtu katikati ukampa mwingine nusu. Kuogopa si dhambi. Mimi bado naogopa. Barua hii naiandika nikisikiliza nani anapita njiani. Ukimaliza kuisoma, kuichoma au kuiweka ni shauri lako.

Bado kuna la Alhamisi, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Alhamisi nilipotoka kazini sikuja nyumbani moja kwa moja. Nilikwenda kwenye ofisi inayowapanga walimu. Nilikuwa nimetayarisha maneno: kwamba mama yako ni mgonjwa, wewe ni mtoto wa pekee, wakupe shule nyingine, popote isipokuwa Kapolowe. Nilijua kwamba wangeweza kukasirika na kumpa mwingine nafasi yako, ukakaa mwaka mzima bila kazi. Nilijua, na bado nikaenda. Nilikaa kwenye benchi nikisubiri zamu yangu. Karani akatoka, akauliza: "Baba, una shida gani?" Nikafungua mdomo, nikaona ni uleule uliomjibu mtu wa abakosi. Mwanangu akae bila kazi, jirani apoteze sikio, ili Kabeya asionekane. Nikasema nimekosea mlango. Nikatoka.

Kwa hiyo utakwenda Kapolowe, na utamkuta.

Usimwombe msamaha kwa niaba yangu. Msamaha huo ni wa kuombwa na mimi, na wewe huna deni kwake. Usimpelekee zawadi na kusema imetoka kwangu. Msalimie kama anavyosalimiwa mzee, kwa magoti yote mawili, na uwafundishe wajukuu wake kama wengine, usiwapendelee kwa sababu ya aibu ya nyumba yetu. Nimeomba ruhusa ya siku tatu kazini kwa mwezi ujao. Nitapanda treni nije, nitakwenda mlangoni kwake mchana, watu wakiwapo, na nitamweleza mbele yao nilichoandika na nilichoacha. Akinifukuza, nitakuwa nimefukuzwa. Labda hatataka hata kunisikia, na ana sikio moja tu la kunipa. Hilo pia ni haki yake.

Lakini kabla sijafika, atakuuliza. Watu wa kule hawaachi kuuliza: weye uko mutoto ya nani? Usiseme tu mimi ni wa Likasi. Usiseme jina la mama yako peke yake. Sema, mimi ni Ngalula, mtoto wa Kabeya wa kambini, aliyeshika daftari. Itakuwa ngumu kusema, na nasikitika kwamba nimekupa jina zito kulibeba katika siku yako ya kwanza ya kazi. Ila likisemwa na wewe, bila kujificha, atajua kwamba katika nyumba hii kuna mtu anayejibu swali lote.

Nakuona unakuja na shangazi yako, mko kwenye kona ya bomba, mnacheka. Naacha hapa. Nitakupa barua hii mkononi na kukuomba uisome chumbani kwako.

Treni inaondoka saa moja. Kuanzia alfajiri nitakuwa nimekaa nje, kwenye kizingiti. Kama baada ya kusoma hutaki nikusindikize, pita tu na mama yako, sitasimama wala sitauliza, na nitakuombea nikiwa palepale. Lakini sanduku lako ni zito, nimelijaribu. Ukitaka nilibebe, niite.

Baba yako,
Kabeya